Kalamu ya Daktari na Mfuko wa Mgonjwa



Hospitalini hakuna kitu kinachojiendea chenyewe. Mashine ya picha hukaa kimya, chupa za maabara hukaa tupu, na dawa hubaki rafuni, mpaka daktari aandike agizo. Neno moja kwenye karatasi, au siku hizi kwenye kompyuta, huwaamsha watu wengi: mmoja atateka damu, wa pili ataipima, wa tatu ataandika majibu, na wa mwisho ataandika deni. Tena katika hospitali kubwa za mafunzo, mkono unaoandika maagizo hayo mara nyingi si mkono wa profesa. Ni mkono wa daktari mwanagenzi, yaani kijana aliyemaliza masomo ya chuo na ambaye sasa anajifunza kazi kwa kuifanya.

Je, ni nani aliyemfundisha kijana huyo agizo lake linagharimu kiasi gani, na nani atakayelipa? Swali linaonekana jepesi, lakini jibu lake limetafutwa kwa muda mrefu, na waliolitafuta walikosea njia mara nyingi. Tunapenda kuwasimulieni historia hiyo. Sehemu kubwa yake ilitokea Marekani, kwa maana huko ndiko jambo hili lilikoandikwa na kupimwa zaidi. Na sehemu moja ilitokea Makerere, kwa jirani zetu wa Uganda. Baadaye tutajiuliza inatuhusu nini sisi.

Darasa kando ya kitanda

Mwezi wa tano mwaka 1889, katika mji wa Baltimore, ilifunguliwa hospitali ya Johns Hopkins. Mkuu wake wa kwanza wa tiba alikuwa William Osler, mzaliwa wa Kanada. Wakati ule wanafunzi wengi wa udaktari nchini Marekani walijifunza kwa kukaa ukumbini na kusikiliza mihadhara, na wengine walipata shahada wakiwa hawajamhudumia mgonjwa hata mmoja. Osler aliwatoa wanafunzi wake ukumbini akawapeleka kando ya kitanda. Na kwa wale waliokwisha kupata shahada, hospitali iliweka utaratibu mpya: wakae humo humo, walale humo, wale humo, wakiwatunza wagonjwa usiku na mchana chini ya macho ya wakubwa wao, na kuongezewa madaraka mwaka hata mwaka. Kwa sababu hiyo Kiingereza kikawapa jina lenye maana ya wakaaji, na jina hilo linatumika hata leo.

Mwaka 1910 Abraham Flexner, ambaye hakuwa daktari bali mwalimu wa shule, alitoa ripoti juu ya vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada. Alivishutumu vyuo vilivyouza shahada bila kufundisha, akakisifu chuo cha Baltimore kuwa mfano wa kufuatwa. Katika miaka iliyofuata vyuo vingi dhaifu vilifungwa, na malezi ya kando ya kitanda yakawa ndiyo kanuni.

Yalikuwa malezi mazuri. Yaliwafundisha vijana kusikiliza, kugusa, kuchunguza na kuandika kwa makini. Hata hivyo jambo moja halikupewa nafasi ndani yake, nalo ni gharama. Mwanagenzi alisifiwa alipokumbuka ugonjwa adimu ambao wenzake wameusahau. Asubuhi, mkubwa wake alipopita vitandani, alimwuliza, “Je, kipimo fulani umekifanya?” Jibu la aibu lilikuwa “Hapana.” Ni mara chache mno aliulizwa, “Kwa nini umekifanya?” Hivyo, pasipo mtu kutamka neno, kijana alijifunza kwamba bidii ni kuagiza zaidi, na kwamba kuuliza bei ni kazi ya makarani.

Mwaka ambapo mfuko ulifunguliwa

Tarehe 30 mwezi wa saba 1965, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria iliyoanzisha bima ya serikali kwa wazee wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Bima hiyo huitwa Medicare. Lilikuwa tendo kubwa la haki, kwa kuwa wazee wengi walikuwa hawana bima yoyote, na ugonjwa mmoja uliweza kumaliza akiba ya maisha yao yote.

Lakini namna ya kulipa ilikuwa na tundu. Hospitali zilirudishiwa kadiri ya gharama zilizotumia. Iliyotumia zaidi ilirudishiwa zaidi. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza kama kipimo kilikuwa cha lazima. Mgonjwa hakuuliza, maana bima ililipa. Hospitali haikuuliza, maana ilirudishiwa. Na mwanagenzi hakuuliza, maana hakuna aliyemfundisha kuuliza.

Matokeo yake yanajulikana. Mwaka 1960 matumizi ya afya ya Marekani yalikuwa karibu asilimia 5 ya pato la taifa. Kufikia mwaka 2010 yalikuwa karibu asilimia 17. Haingekuwa haki kuutupa mzigo wote juu ya madaktari, kwa maana dawa mpya zilipatikana, mashine mpya zilibuniwa, wazee waliongezeka, na bei zenyewe zilipanda. Hata hivyo ukweli unabaki kwamba kila kipimo na kila dawa ilipitia kwenye agizo la mtu fulani.

Wakati huo huo, Makerere

Mwaka ule ule wa 1965, huko Kampala, walimu wengine wa udaktari walikuwa wanajiuliza swali lililo kinyume. Wenzao wa Marekani walikuwa na fedha nyingi na hawakuuliza zinakwenda wapi. Wao walikuwa na fedha kidogo sana, na kila siku iliwabidi wachague.

Hospitali ya Mulago, ambayo ndiyo hospitali ya mafunzo ya Makerere, ilikuwa imepata majengo mapya makubwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru wa Uganda. Watoto wengi waliletwa humo wakiwa na kwashiorkor, ugonjwa wa utapiamlo unaovimbisha miguu na kufifisha nywele. Walitibiwa kwa gharama, wakapona, wakarudi nyumbani kwenye chakula kile kile, kisha wengine wakaletwa tena. Profesa Derrick Jelliffe na wenzake waliona kwamba huko ni kuteka maji kwa pakacha. Mwaka 1965 wakafungua Mulago kituo kilichoitwa Mwanamugimu, jina lililotolewa katika methali ya Waganda juu ya mtoto mwenye afya na malezi anayopata. Hapo mama alikaa na mtoto wake, akajifunza kumpikia vyakula vya shambani na sokoni kwake, akamwona mtoto akinawiri kwa mikono yake mwenyewe. Badala ya kununua dawa zaidi, walinunua maarifa ya mama.

Mwaka uliofuata, 1966, mwalimu mwingine wa Makerere, Maurice King, alikusanya fikra za wenzake katika kitabu kikubwa kuhusu tiba katika nchi zinazoendelea. Hakuona haya kukiita kitabu cha tiba ya umaskini. Hoja yake ilikuwa wazi: daktari anayefanya kazi mahali penye fedha haba hana budi kuuliza, kwa kila franka na kila saa ya kazi, wapi itawasaidia watu wengi zaidi. Je, kazi hii yaweza kufanywa vizuri na muuguzi karibu na kijiji cha mgonjwa? Je, dawa ya bei nafuu yaponya sawasawa na ile ya bei kubwa? Je, mgonjwa anaishi mbali kiasi gani, maana kadiri umbali unavyoongezeka ndivyo idadi ya wanaofika inavyopungua? Katika fundisho la Makerere gharama haikuwa kazi ya makarani. Ilikuwa sehemu ya udaktari wenyewe.

Fikra za namna hiyo zilienea. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya dawa za lazima, takribani 200, ili nchi zisipoteze fedha kwa maelfu ya dawa zinazofanana. Hata hivyo kwa muda mrefu madaktari wa nchi tajiri waliendelea kuamini kwamba somo hilo ni la maskini tu.

Kubana matumizi na kumtupa mtu

Mwaka 1983 fedha ya Marekani nayo ilianza kuhesabiwa. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Yale, Robert Fetter na John Thompson, walikuwa wamebuni njia ya kuwapanga wagonjwa katika makundi kufuatana na ugonjwa na matibabu. Serikali ikaitumia njia hiyo. Tangu hapo hospitali ilipewa kiasi kilichopangwa mapema kwa kila mgonjwa wa kundi fulani. Ikitumia pungufu, salio ni lake. Ikizidisha, hasara ni yake.

Siku za kulazwa zikapungua. Lakini hapo hapo likaonekana jambo ambalo sisi vijana na walimu wenu tunapaswa kuliangalia kwa makini: kubana matumizi kunaweza kugeuka kuwa kumtupa mtu. Ilihofiwa kwamba wagonjwa walirudishwa nyumbani kabla ya kupata nguvu. Na tangu zamani zilikuwako hospitali ambazo zilimwangalia asiye na bima kama hasara inayotembea. Mwaka 1986 madaktari wa hospitali ya umma ya Cook County, mjini Chicago, walitoa uchunguzi juu ya wagonjwa 467 waliohamishiwa kwao kutoka hospitali nyingine. Katika asilimia 87 sababu iliyotolewa ilikuwa ukosefu wa bima ya kutosha, na karibu robo ya wagonjwa walifika hali yao ikiwa bado haijatulia. Mwaka huo huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayozibana hospitali zenye idara ya dharura na zinazopokea fedha ya Medicare: zimpime kila anayefika kwa dharura na kumtuliza hali yake, awe na fedha au asiwe nayo.

Basi hapa tuweke mpaka. Yuko anayepunguza gharama kwa kuacha jambo lisilomfaa mgonjwa. Yuko pia anayepunguza gharama kwa kumwacha mgonjwa mwenyewe. Katika daftari la mhasibu watu hawa wawili wanaweza kuonekana sawa, kwa kuwa wote wameokoa fedha. Kazi ya mwalimu wa udaktari ni kumfundisha mwanagenzi kuwatofautisha.

Masomo yaliyoshindwa

Wako waliojaribu mapema kufundisha somo hili. Wengi walidhani dawa yake ni habari: kijana hajui bei, basi aambiwe bei. Mwaka 1984 Steven Schroeder na wenzake, wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, walitangaza matokeo ya jaribio lao la kuwaelimisha madaktari wa hospitali ya chuo juu ya gharama. Kichwa cha ripoti yao chenyewe kilitamka neno kushindwa.

Mwaka 1990 William Tierney na wenzake wa Indianapolis walitoa jaribio lingine. Katika kliniki ya mafunzo, kila daktari alipotaka kuagiza kipimo, kompyuta ilimwonyesha bei yake. Walioonyeshwa bei waliagiza vipimo pungufu kwa asilimia 14 kuliko wenzao. Lilikuwa jambo la kutia moyo. Lakini bei zilipoacha kuonyeshwa, faida hiyo ilififia.

Sisi tunaowaandaa walimu hatushangai. Mwanafunzi anaweza kukariri kanuni ya usafi na kuiandika mtihanini bila kosa, kisha akatupa ganda la ndizi mlangoni mwa darasa. Bei ni habari, na habari peke yake haimjengi mtu tabia. Kijana wa Indianapolis aliambiwa bei ya kipimo, lakini hakufundishwa namna ya kufikiri wakati hakuna anayemwambia.

Kutoka bei hadi thamani

Karne mpya ilileta mwamko. Mwaka 2002 vyama vya madaktari wa Marekani na Ulaya vilitangaza mkataba wa maadili ya kazi yao. Misingi yake ni mitatu: ustawi wa mgonjwa kutangulizwa, uhuru wa mgonjwa wa kuamua, na haki katika jamii. Miongoni mwa ahadi zake imo ahadi ya kugawa kwa haki mali ambayo ina kikomo. Kwa maneno hayo gharama ilitoka katika chumba cha mhasibu ikaingia katika dhamiri ya daktari.

Mwaka 2010 Howard Brody, daktari na mwalimu wa maadili, alivitaka vyama vya madaktari bingwa viandike kila kimoja mambo matano ambayo hufanywa sana, yana gharama, na hayamsaidii mgonjwa. Mwezi wa nne 2012 vyama tisa viliitikia pamoja, kila kimoja na orodha yake ya mambo matano, katika kampeni iliyoitwa Choosing Wisely, yaani kuchagua kwa busara. Vyama vingine vingi vikafuata. Mmoja wa mifano unaeleweka na kila mtu: anayeumwa mgongo bila dalili ya hatari asikimbizwe kwenye mashine ya picha katika majuma sita ya kwanza, kwa maana wengi hupona bila hiyo. Madaktari wanaohudumu katika wodi nao waliandika mwaka 2013 kwamba mgonjwa ambaye hali yake imetulia asipimwe damu tena na tena kwa mazoea tu.

Tuangalie mfano huo wa damu, kwa maana ndani yake kuna jambo linalosahauliwa. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba humaliza kibaba pia. Mgonjwa anayetolewa damu kila asubuhi kwa majuma mawili analipa, lakini si hivyo tu: anaweza kupungukiwa damu humo humo hospitalini. Tena kipimo kisichohitajika huweza kutoa jibu la mashaka. Jibu la mashaka huleta kipimo cha pili. Cha pili huleta kisu. Kwa hiyo anayeepuka jambo la bure haokoi fedha peke yake. Mara nyingi humwepusha mgonjwa na madhara. Ndiyo maana walimu wapya waliacha kusema juu ya unafuu tu, wakaanza kusema juu ya thamani: faida anayopata mgonjwa, ikilinganishwa na madhara na gharama anazobeba.

Mafunzo nayo yakabadilika. Katika hospitali moja ya Rhode Island, wapasuaji wanagenzi walitangaziwa kila juma gharama ya damu waliyoagiza iteuliwe na kupimwa. Hawakukatazwa kitu. Kufuatana na ripoti ya mwaka 2011, gharama ya kila mgonjwa kwa siku ilishuka kutoka karibu dola 147 hadi dola 108, na katika majuma 11 karibu dola 55,000 ziliokolewa. Mwaka 2012 chama kikubwa cha madaktari wa tiba cha Marekani, pamoja na umoja wa walimu wa tiba hiyo, kilitoa mtaala mzima wa kuwafundisha wanagenzi huduma yenye thamani. Na mwaka 2013 ripoti ilitoka Baltimore, katika hospitali ile ile ya Osler. Walionyesha bei za baadhi ya vipimo kwenye kompyuta kwa miezi sita. Maagizo ya vipimo hivyo yalipungua karibu asilimia 9, huku maagizo ya vipimo visivyoonyeshwa bei yakiongezeka.

Wasomaji makini watauliza: je, faida hiyo nayo haitafifia kama ile ya Indianapolis? Swali ni zuri, na linatufikisha kwenye kiini cha habari yetu.

Mtoto umleavyo

Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichunguza madaktari 2,851 waliomaliza mafunzo yao kati ya mwaka 1992 na 2010. Waliuliza jambo moja: daktari aliyelelewa katika eneo lenye hospitali zinazotumia sana, hutumia kiasi gani anapokwenda kufanya kazi mahali pengine? Walikuta kwamba anachukua mazoea yake pamoja naye. Waliolelewa kwenye matumizi makubwa waliendelea kutumia zaidi walipofanya kazi katika maeneo yenye matumizi makubwa au ya wastani, ingawa katika maeneo yenye matumizi madogo tofauti haikuwa ya uhakika. Tofauti ilikuwa kubwa katika miaka ya mwanzo ya kazi, ikapungua polepole, na kwa madaktari wenye miaka 16 hadi 19 ya kazi haikuonekana tena.

Wahenga wetu walikwisha kusema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hakuna aliyewapa madaktari hao somo la kutumia vibaya. Walikaa tu miaka michache mahali fulani, wakawaona wakubwa wao wakiagiza, nao wakaagiza hivyo hivyo. Nyumba iliwafundisha kuliko ubao.

Mwaka 2015 Lorette Stammen na wenzake, kutoka Maastricht nchini Uholanzi, walikusanya tafiti 79 zilizohusu mafunzo haya, wakatafuta ni nini kinachofanya somo lishike. Waliona mambo matatu yanayotegemeana. La kwanza ni maarifa: mwanagenzi ajue bei, ajue ushahidi wa faida na madhara, ajue pia mgonjwa wake anataka nini. La pili ni tafakari: apewe nafasi ya kuangalia maagizo yake mwenyewe, aambiwe ukweli juu yake, na ajiulize kwa nini alifanya hivyo. La tatu ni mazingira: wakubwa wake waishi somo hilo mbele yake. Jambo moja likikosekana, mengine mawili huyumba. Ndiyo sababu orodha ya bei peke yake ilishindwa.

Basi mageuzi makubwa yanaweza kuanza na badiliko dogo katika swali la asubuhi. Mkubwa anapopita vitandani, asiulize tu, “Kipimo hiki mbona hukukifanya?” Aulize pia, “Jibu la kipimo hiki litabadilisha nini katika matibabu ya mama huyu?” Kama halitabadilisha kitu, kijana amejifunza. Na kama litabadilisha, kipimo kifanywe bila kusita, hata kama ni cha bei kubwa, na njia ya kulipa itafutwe.

Na sisi?

Labda mmoja wenu atasema: hayo ni matatizo ya wanaoshiba, sisi shida yetu ni kukosa vipimo, si kuzidisha. Kuna kweli katika neno hilo. Mgonjwa wa malaria anayekosa kipimo cha tone la damu hahitaji fundisho la kubana. Hata hivyo tusijidanganye. Palipo ukosefu, kutumia bure ni kosa maradufu, kwa kuwa franka iliyopotea kwa mmoja ndiyo iliyomkosea mwingine.

Tena fikirini namna hospitali zetu nyingi zinavyoishi. Zinaishi kwa malipo ya wagonjwa. Hapa anayelipa si bima ya serikali iliyo mbali. Ni mjomba aliyeuza mbuzi, ni mama aliyeacha mtaji wake wa unga sokoni. Tunajua wagonjwa waliopona lakini hawakuruhusiwa kutoka, kwa sababu deni halijalipwa. Mahali ambapo mshahara wa mfanyakazi unatoka katika malipo ya mgonjwa, kila chupa ya maji ya mshipa isiyo ya lazima huwa kishawishi. Kishawishi hicho si cha mtu mbaya. Ni cha mtu mwenye watoto nyumbani. Ndiyo maana hatuwezi kumwachia daktari kijana vita hiyo peke yake. Uchunguzi wa Maastricht ulitaja mazingira, na mazingira ni sisi sote: wanaopanga malipo, wanaosimamia hospitali, wanaofundisha, na jamaa wa mgonjwa.

Sisi jamaa nasi tuna sehemu yetu. Mara ngapi tumesema, “Daktari huyu hajui kazi, hakuandika sindano hata moja”? Mara ngapi tumepima uzuri wa huduma kwa unene wa mfuko wa dawa? Daktari mwanagenzi anatusikia. Tukimsifu kwa kuandika mengi, ataandika mengi.

Baadhi yenu mtakuwa madaktari, wauguzi, wataalamu wa maabara au wahasibu wa hospitali. Mkiwa huko, tafuteni mkubwa mmoja anayeuliza maswali mazuri kando ya kitanda, mkae karibu naye. Na mkiisha kuwa wakubwa, kumbukeni kwamba kuna kijana nyuma yenu anayetazama mkono wenu unaoandika.

Kwa mazungumzo katika kikundi

1. Katika familia yako, ni nani aliyelipa ugonjwa wa mwisho uliotokea, na alitoa wapi fedha? Je, kuna mtu hospitalini aliyemweleza alikuwa analipia nini?

2. Tofauti kati ya kubana matumizi na kumtupa mgonjwa ni ipi? Toeni mifano miwili kwa kila upande, pasipo kutaja jina la mtu wala la hospitali.

3. Katika kazi unayojifunza sasa, iwe useremala, ualimu, ushonaji au uuguzi, ni mazoea gani uliyochukua kwa wakubwa wako bila kufundishwa kwa maneno? Lipi ungependa kulibakiza, na lipi ungependa kuliacha?